Maswali Yenu: Mwanangu kala biskuti kabla ya muda, je ndo basi tena?

Mwezi huu karibu barua zote zimekuja na kale kasentensi kamoja, "watafiti wamegundua kwamba". Nimechagua sita. Nyingi zilizobaki zinafanana na hizi, kwa hiyo kama hujaona jina lako usinune, jibu lako limo humu humu.

Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa miaka minne na nusu. Kwenye grupu letu la wazazi kuna mtu katuma klipu ya watoto wa kizungu wamewekewa pipi mezani wanaambiwa wakisubiri wataongezewa ya pili, na maelezo yake ni kwamba anayeweza kusubiri ndo anakuja kufaulu maishani na anayekula haraka anakuja kuwa mtu wa kufeli feli. Nikamjaribu wangu na biskuti, nikatoka nje kidogo tu, kurudi nakuta kashamaliza na anaulizia nyingine. Baba yake anacheka ila mimi silali vizuri. – Mama Junior, Tabata

Marahaba Mama Junior, na kwanza lala usingizi. Mtoto wa umri huo akiachiwa biskuti akaila, umejua kwamba anapenda biskuti, zaidi ya hapo bado hujajua kitu.

Ila usiishie kunisikiliza mimi, manake na mimi kwako ni mtu mwingine tu wa kwenye grupu. Twende kwenye utafiti wenyewe tuone walifanya nini na walimfanyia nani, hilo ndo swali la kwanza siku zote, kabla hata hujauliza waligundua nini.

Jaribio lipo kweli. Ni la Walter Mischel na wenzake kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watoto wakiwa wa chekechea ya Bing ambayo ipo hapo hapo chuoni, kwa hiyo wengi walikuwa watoto wa maprofesa na wanafunzi wa chuo. Mtoto anaingia chumbani, anaonyeshwa vitu, mashmalo yaani yale mapipi laini yanayobonyea, au biskuti, anachagua anachokipenda, anaambiwa mimi natoka, ukinisubiri mpaka nirudi mwenyewe unapata viwili, ukichoka gonga hii kengele nitarudi saa hiyo hiyo ila utapata kimoja. Mlango unafungwa, saa inahesabu.

Kitu ambacho klipu haisemi ni kwamba Mischel hakuwa anatafuta nani atafaulu maishani. Alitaka kujua nini kinamsaidia mtoto kusubiri. Kwa hiyo watoto waliwekwa kwenye hali tofauti tofauti, wengine pipi iko wazi mbele ya pua, wengine imefunikwa, wengine wakaambiwa wafikirie mambo ya kufurahisha wakiwa wanangoja, na waliofunikiwa au waliopewa cha kufikiria wakasubiri muda mrefu zaidi. Umeona hapo? Mtoto aliyesubiri sana inawezekana tu alibahatika kuangukia kundi la kufunikiwa. Ukimchukua huyo ukamwita mvumilivu wa kuzaliwa umeshakosea hesabu.

Habari ya kufaulu ilikuja baadaye, watoto walipokuwa vijana, kwenye makala ya mwaka 1990 ya Shoda, Mischel na Peake. Hebu fuata namba pole pole. Waliopita kwenye yale majaribio walikuwa 653. Waliopatikana taarifa zao ni 185. Wenye matokeo ya SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, walikuwa 94. Na ule uwiano mkubwa kati ya kusubiri na alama za SAT unaotangazwa kila mahali haukutoka hata kwa hao 94 wote, ulitoka kwa lile kundi lililoachiwa pipi wazi bila kufundishwa mbinu yoyote, watoto 35. Thelathini na watano, wa chekechea moja, ya chuo kimoja. Waandishi wenyewe walionya humo humo kwamba idadi ni ndogo watu wawe waangalifu, lakini onyo lao halikuingia kwenye klipu, maonyo huwa hayafowadiwi.

Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan wakarudia kwa watoto 918 wa familia mchanganyiko, umri ule ule wa Junior wako, wakawafuatilia mpaka miaka 15. Uwiano kati ya kusubiri na kufaulu shuleni wakaukuta ila ni kama nusu ya ule wa zamani, halafu walipozingatia hali ya nyumbani, elimu ya mama, uwezo wa mtoto kabla ya jaribio, ukapungua tena kwa kama theluthi mbili. Yaani sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kama nguvu ya kusubiri ilikuwa ni nyumba anayotoka mtoto. Kuna wataalamu waliowajibu kwamba wakina Watts walizidisha, ukiondoa kila kitu kinachoendana na kujizuia lazima kujizuia kwenyewe kuonekane hakuna kazi, na hoja yao ina uzito, mimi naona bado mjadala haujafungwa. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao wanaobishana anayesema mzazi ampime mwanae kwa biskuti moja jikoni akajua kesho yake.

Na kingine kidogo kabla sijakuacha. Bettina Lamm na wenzake walifanya jaribio hili kwa watoto wa kabila la Nso kule Kameruni, kitu chenyewe kikiwa puff-puff, maandazi yao ya mviringo, wakawalinganisha na watoto wa Ujerumani. Karibu asilimia 70 ya wa Kameruni walisubiri mpaka mwisho, Wajerumani chini ya asilimia 30. Sasa kama kusubiri pipi peke yake ndo kunaleta utajiri hebu jiulize nani angekuwa anamkopesha nani.

Ukitaka kumsaidia Junior, chukua kile ambacho Mischel alikionyesha vizuri: kitu kikifunikwa kinasubirika. Weka biskuti kabatini.

Mambo Mwalimu. Nasoma saikolojia mwaka wa pili, Dodoma. Tulipewa asaimenti ya kukosoa makala ya utafiti, nikaandika sampuli ni ndogo, washiriki wote ni wa nchi moja, na matokeo hayawezi kutumika kwa watu wote. Nimepata 9 kwa 20 na lekchara kaandika pembeni "unaimba". Sasa alitaka nini?

Poa sana. Lekchara wako simjui ila nipo upande wake. Hizo sentensi tatu unaweza kuzibandika kwenye makala yoyote duniani bila hata kuifungua, na ndo maana kasema unaimba. Kukosoa ni kuonyesha kwamba dosari hii, kwenye utafiti huu, inaharibu dai hili.

Chukua mfano wa jaribio la pipi la mwaka 2013 la Celeste Kidd na wenzake, Chuo Kikuu cha Rochester, New York. Watoto 28 tu. Kabla ya pipi kila mtoto alipewa vifaa vibovu vya kuchorea akaambiwa subiri nikakuletee vizuri zaidi. Nusu yao mtafiti alirudi na vifaa kama alivyoahidi, nusu nyingine akarudi mikono mitupu anasema samahani nilidhani vipo. Halafu ndo pipi. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani kama dakika 12, na 9 kati ya 14 walifika mwisho wa dakika 15. Waliodanganywa, kama dakika 3, na aliyefika mwisho ni mmoja. Sasa hapo ukija na wimbo wa sampuli ndogo utakuwa unasema nini? Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, tofauti ni kubwa mno, na dai lenyewe ni dogo, kwamba imani kwa mtu mzima inabadilisha kusubiri. Watoto 28 wanatosha kulipatia dai hilo uzito wa kuanzia, ingawa mi ningetaka kuona linarudiwa kwingine kwa wengi zaidi. Lakini wangedai kwamba wamepima tabia ya kudumu ya mtoto, hapo ungewakamata, tena sio kwa idadi, ungewakamata kwa sababu wamepima mchana mmoja.

Kwa hiyo ukishika makala anza na sehemu ya mbinu, ruka muhtasari ruka mjadala, andika kwenye karatasi kwa maneno yako mwenyewe watu walifanyishwa nini hasa, sio "walipimwa msongo wa mawazo" bali "walijaza dodoso la maswali kumi darasani lekchara wao akiwa amesimama mbele". Ukiandika hivo nusu ya ukosoaji inajitokeza yenyewe, manake kuna mwanafunzi gani atajaza kwamba lekchara anampa msongo huku anamwangalia. Halafu hesabu vichwa: walianza wangapi wakamaliza wangapi, waliotoka walitoka kwa nini. Halafu tafuta kundi la kulinganisha, na kama halipo jiulize watu hawa wasingebadilika wenyewe tu kwa muda kupita.

Ngumu kuliko zote ni kuona kile ambacho hakikuandikwa. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walifanya kitu ambacho mi nakipenda sana, waliwasikilizisha wanafunzi wa Marekani wimbo wa Beatles unaohusu kufika miaka 64, wengine wakasikilizishwa muziki wa kalimba unaokuja na Windows, halafu wakaonyesha kwa takwimu halali kabisa, thamani ya p (yaani nafasi ya kuona tofauti kubwa hivo kwa bahati tu kama kweli tofauti haipo) chini ya 0.05, kwamba waliosikiliza Beatles walikuwa na umri mdogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Sio kujisikia vijana. Umri wa kuzaliwa! Na hawakupika namba hata moja. Walipima vitu vingi wakaripoti vichache, wakaongeza washiriki kidogo kidogo huku wanachungulia matokeo, wakaingiza umri wa baba kwenye hesabu kwa sababu uliwasaidia. Walikusudia kuonyesha jinsi ilivyo rahisi, na wakakokotoa kwamba ukichanganya ujanja mdogo mdogo wa aina nne uwezekano wa kupata matokeo ya uongo unapita asilimia 60 badala ya ile 5 tunayofundishwa. Kwa hiyo ukikuta makala ina matokeo matamu tafuta kama mpango wao ulisajiliwa kabla ya kukusanya data. Kama haukusajiliwa sio kwamba wamedanganya, ila kwenye asaimenti una haki ya kuuliza ni vitu gani vingine walipima wakavinyamazia. Kwa swali hilo 9 itapanda.

Assalaam aleikum Mwalimu. Kazini kwetu Mombasa walituletea mkufunzi wa uongozi, akatueleza habari ya jela ya Stanford, ya kwamba mtu yeyote mwema ukimvisha magwanda na kumpa rungu lazima atakuwa mkatili. Nilipomuuliza "yeyote?" akasema sayansi imethibitisha. Ni kweli?

Wa aleikum salaam. Swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu ulilopewa.

Agosti 1971 Philip Zimbardo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aligeuza chumba cha chini cha idara yake kuwa jela. Walioomba kwa tangazo la gazeti walikuwa zaidi ya 70, wakachaguliwa vijana 24, wote wanaume, dola 15 kwa siku, wengine askari wengine wafungwa. Ilipangwa wiki mbili, ikafungwa siku ya sita kwa jinsi mambo yalivyoharibika.

Angalia tangazo kwanza. Lilitaja wazi kwamba ni utafiti wa maisha ya jela. Mwaka 2007 Carnahan na McFarland walitoa matangazo ya aina mbili, moja lina maneno hayo na jingine halina, wakakuta wanaovutwa na lile la jela wana alama za juu zaidi za uchokozi na kupenda mabavu, na za chini za huruma. Kwa hiyo ule "mtu yeyote" wa mkufunzi wako ulishapotea hata mlango wa jela haujafungwa. Pili, Zimbardo mwenyewe alicheza mkuu wa jela, yaani mtafiti yumo ndani ya utafiti wake anatoa maelekezo. Tatu, na hii ndo iliyowaamsha watu hivi karibuni, Mfaransa Thibault Le Texier alichimba kumbukumbu na kanda za wakati ule, akachapisha mwaka 2019, zikionyesha kwamba askari walielekezwa, kuna kanda ambayo msaidizi wa Zimbardo anambembeleza askari mmoja aliyekuwa mpole awe mkali kama wenzake. Ukatili wa kuelekezwa unatufundisha habari za kutii, ambayo ni mada nyingine.

Na hakukuwa na kundi la kulinganisha, jela ambayo askari hawakuelekezwa chochote. Bila hilo huwezi kujua magwanda yalifanya nini. Mkufunzi akirudi mwulize tena, kwa adabu.

Mwalimu habari ya kazi. Nafundisha msingi, Kisumu. Kuna shirika limekuja kupima watoto akili kwa vitabu vya picha na maneno ya Kiingereza, watoto wangu wametoka chini sana. Wale wale wanajua kila mti kando ya ziwa. Nani anakosea?

Nzuri mwalimu mwenzangu. Kisa chako kina ndugu yake hapo hapo kwenu. Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto 85 wa Usenge, kando ya ziwa, wenye miaka 12 hadi 15. Waliwatungia mtihani wa dawa za miti shamba, dawa ipi ya tumbo lipi, inatoka wapi, unaitumiaje, manake minyoo huko ni jambo la kila siku. Watoto waliofanya vizuri kwenye dawa ndo waliokuwa na alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza, yaani uwiano ulikwenda kinyume kabisa. Watafiti waliwaza kwamba kuna familia zinazomwekeza mtoto shuleni na nyingine zinazomwekeza kwenye maarifa ya nyumbani. Ni maelezo tu, uwiano wa watoto 85 wa sehemu moja hauwezi kuthibitisha sababu.

Robert Serpell naye kwenye miaka ya 1970 aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza michoro ya kuiga. Kwa kalamu Waingereza walishinda. Kwa waya, ule ambao watoto wa Lusaka wanatengenezea magari, Wazambia walishinda, na kwa udongo wakatoka sare. Kwa hiyo waulize hao wa shirika kwa upole: kipimo chenu kilisanifiwa kwa watoto gani, kwa lugha gani, na mwaka gani? Kama hawana jibu, zile alama zisiingie kwenye faili la mtoto yeyote.

We mwalimu kila mwezi unabomoa, kwa hiyo saikolojia yote ni uongo wa wazungu au? – Mkereketwa, Mwanza

Hapana mkereketwa, na hao wanaobomoa wengi ni wanasaikolojia wenyewe.

Mwaka 2015 watafiti zaidi ya 200 wakiongozwa na Brian Nosek walirudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida makubwa. Za mwanzo asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu, zilizorudiwa asilimia 36 tu. Ni aibu, sikatai. Lakini kurudia mara moja kukishindikana hakumaanishi la kwanza lilikuwa uongo, na lililofaulu nalo sio la milele. Mradi mwingine wa mwaka 2014 ulirudia matokeo 13 kwenye vituo 36 na 10 yakasimama. Vipo vitu vya zamani vinavyosimama kila vikiguswa: jaribu kutaja haraka rangi ya wino wakati neno lililoandikwa ni jina la rangi nyingine, utajikwaa, kama walivyojikwaa washiriki wa Stroop mwaka 1935. Na tangu 2013 jarida la Cortex lilianza kupokea mpango wa utafiti na kuukubali kabla data hazijakusanywa, matokeo yakija matamu au machungu yanachapwa, na majarida mengi yamefuata. Nitajie chama gani cha siasa kimejikagua hivo.

Mwalimu nisaidie haraka. Nimekusanya dodoso 120 za utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, nimeingiza kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, thamani ya p imekuja 0.08. Rafiki yangu anasema nitoe kama kumi "zilizojazwa vibaya" itashuka. Difensi ni wiki ijayo.

Jiulize ungezitoa kama p ingekuja 0.03. Kama usingezitoa basi hazikujazwa vibaya, zimejazwa tofauti na unavyotaka. Kama kweli zipo za hovyo, mtu kazungushia "nakubali kabisa" ukurasa mzima mpaka kwenye maswali yanayopingana, weka kigezo kimoja, kitumie kwa dodoso zote 120 bila kuangalia zimejibu nini, na uandike kwenye sura ya tatu umetoa ngapi na kwa nini, halafu onyesha matokeo yote mawili, kabla na baada.

Kwenye difensi sema hivi: utafiti huu haukupata ushahidi wa kutosha wa tofauti. Usiseme "umethibitisha hakuna tofauti", hapo ndo watakupiga. Onyesha ukubwa wa tofauti yenyewe na mipaka yake ya makadirio, eleza kwamba kwa watu 120 tofauti ndogo isingeonekana kirahisi. Hakuna kanuni inayosema mwanafunzi afelishwe kwa 0.08. Ila jopo likigundua data zimechezewa, hiyo kanuni ipo, tena kaisome leo kabla hujaifungua tena hiyo SPSS.